Karani na Ibara ya Maradhi

Sikumpenda Karani, na sitaanza kumpenda leo kwa sababu tu amezeeka. Watu wa Chanji wanaosema alikuwa hazina ya mtaa ni wale waliomsikiliza jioni moja, wakacheka, wakaenda zao kulala. Mimi nilimsikiliza miaka. Nilikodi chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani yangu nikaiweka barazani, na kiti chake kilikuwa karibu sana hata maganda ya karanga zake yaliangukia kwenye vitambaa vya wateja wangu.

Karani lilikuwa jina la kazi. Alikuwa amefanya kazi mahakama ya mwanzo, akiandika kesi za watu, na alipostaafu, kazi ilibaki ofisini lakini jina likamfuata nyumbani. Mkewe alimwita Karani. Wajukuu walimwita Babu Karani. Yeye mwenyewe, akigonga mlango wa mtu, akiulizwa ni nani, alijibu, "Karani," kama vile nchi nzima ilikuwa na mmoja tu.

Alikuwa na koti la kaki, sweta mbili ndani yake wakati wa baridi, na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Kilikuwa tangazo. Akikohoa, vijana walioegemea baiskeli zao barabarani walisogea, wakaambiana, "Mshikaji, twende, mzee anaanza." Mpinzani wake akizungumza, yeye alimenya karanga mojamoja na kupuliza maganda, hakumtazama. Mwenzake akishamaliza, Karani aliuliza, "Umemaliza?" Kisha akasema neno lake ambalo hata watoto wa mtaa walicheza nalo: "Nionyeshe ilipoandikwa."

Nionyeshe ilipoandikwa! Mke akimwambia paa linavuja, nionyeshe ilipoandikwa. Mjumbe wa nyumba kumi akija kumwita kwenye usafi wa mtaro, nionyeshe ilipoandikwa. Mtaro wa mbele ya nyumba yake ulizibuliwa na mimi na mkewe miaka yote niliyokaa pale, na yeye alituelekeza kutoka kitini.

Kwetu Ufipa watu wanapenda maneno, sikatai. Wazee wetu hukaa kwenye pombe ya ulezi wakapima neno moja upande huu na upande ule mpaka chungu kikauke. Lakini wao hupima ili wajue. Karani alipima ili ashinde. Aliwahi kujiwa na mfugaji mmoja, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa kaskazini-magharibi, aliyekuwa akilaumiwa kwamba mifugo yake imekula mahindi ya mtu. Karani alimtetea pale barazani kwa ufasaha mpaka yule mfugaji akalengwalengwa na machozi. Juma lililofuata akaja mwenye mahindi, na Karani akamtetea yeye, kwa ufasaha uleule. Mfugaji aliposikia alirudi amekasirika.

"Mzee, si ulisema ng'ombe hana mpaka?"

"Nilisema."

"Na jana umesema mwenye ng'ombe ndiye mpaka wake."

"Juma lile ulikuja wewe, jana kaja yeye," Karani akasema, akapuliza maganda.

Watu walicheka sana. Mfugaji hakucheka, na mimi sikucheka. Hata hivyo nitasema na hili, kwa sababu nisiposema mimi watalisema wengine: mjane akipata hati ya kuitwa mahakamani, Karani alimsomea, akamweleza, akamfundisha la kusema mbele ya hakimu, na hakupokea hata yai. Aliwapenda wajane kwa sababu hawakumbishia.

Kubeba kitu hakuwahi. Mgonjwa akizidiwa vijijini, wanaume humlaza kwenye machela na kumleta mjini kwa miguu wakipokezana mabega, na desturi ni kwamba mwanamume yeyote anayekutana nao njiani huweka bega lake hata kwa kipande kifupi, awe anamjua mgonjwa au hamjui. Hilo halisemwi, linafanywa tu. Siku moja machela ilipita mbele ya nyumba. Karani aliinuka, akakohoa, akaandamana nao hadi kona, akiwaeleza ni ofisi gani iliyopaswa kuwapatia gari. Mikono yake ilikuwa nyuma ya koti.

Ikaja ile miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa: duka ruksa, mabasi ya watu binafsi ruksa, vyama ruksa, na mitumba ikashuka Sumbawanga robota kwa robota. Nguo niliyoshona siku mbili ikashindwa bei na nguo iliyovaliwa na mzungu asiyejulikana. Wateja wangu wakabaki wa sare za shule na wa kupunguza suruali. Karani akasimama mbele ya cherehani yangu, amevaa sweta la mitumba, akanieleza uzuri wa soko huria. Nilimwambia, "Mzee, sweta hilo lina tundu kwapani." Akasema hiyo si hoja.

Mama yangu alikuwa akija kwangu siku za soko kutoka kijijini kwetu, mbele ya Kasense, na maharage kichwani na unga wa ulezi kwa ajili ya wajukuu. Alimsalimia Karani kwa adabu yote ya Kifipa, amepiga magoti, anapiga makofi taratibu, na yule mzee alipokea salamu ile akiwa ameegemea kiti. Kisha mama alikaa kwenye mkeka wangu akachambua maharage na kumsikiliza. Alipenda kumsikiliza. Mama hakusoma shule, lakini alikuwa ameshika katekisimu yote kichwani, swali na jibu, na mapadri wageni waliletwa kwake wamwone. Kwa watu wa rika lake neno lililokaririwa sawasawa si mchezo. Mwalimu wa dini akiuliza, unajibu. Ukijibu sawa, unabatizwa, na hakuna wa kukuzuia. Ndivyo walivyoujua ulimwengu.

Ndipo ukaja uchangiaji. Tulikuwa tumezoea kutibiwa bure tangu uhuru wetu. Dawa zilikuwa haba, mara nyingi hazikuwapo kabisa, lakini dirishani hukuulizwa kitu. Sasa tukaambiwa serikali imeelemewa, kila kaya ijiunge na mfuko ipate kadi, na asiye na kadi alipie papo kwa papo. Afisa wa afya akapita kata kwa kata kueleza. Ilipofika zamu yetu, wakuu wa mtaa waliomba ukumbi wa parokia, na Karani akapeleka ujumbe kwamba yeye atakuwa na swali moja tu: je, jambo hili linaruhusiwa na Katiba?

Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mama alikuja kutoka kijijini na wanawake wenzake, wakakaa sakafuni mbele. Afisa alikuwa kijana mpole, suruali yake nilikuwa nimeipunguza mimi. Alieleza vizuri. Akasema kuchangia si jambo geni, ni mila yetu wenyewe. "Mgonjwa akizidiwa, wazee wangu, hamchangi mabega? Asiyembeba mwenzake, yeye atabebwa na nani?"

Watu waliguna kwa kukubali. Karani akakohoa.

"Ndugu afisa, umemaliza?"

"Nimemaliza, mzee."

"Machela naijua." Nilitaka kusimama niseme anaijua kwa macho, lakini ulikuwa ukumbi wa kanisa. "Machela kwanza inabeba. Mtu ambaye hakuwahi kumbeba mwenzake hata siku moja, akiugua, anabebwa. Akipona ndipo tunamwita, tunamsema, tunamdai chungu cha pombe. Je, umewahi kuona machela iliyowekwa chini njiani, mgonjwa akaulizwa ulimbeba nani?"

Ukumbi ulilipuka. Karani akafungua Katiba, akasoma ibara ile inayosema mamlaka ya nchi iweke utaratibu ili mtu apate msaada wakati wa uzee, wa maradhi na wa ulemavu. Aliisoma kama Injili, polepole, akaifunga. "Uzee. Maradhi. Ulemavu. Nionyeshe hapo palipoandikwa kadi."

Kijana yule aligeuza karatasi zake. Akasema kuna misamaha kwa wasiojiweza. Karani akamjibu kwamba haki haiombewi msamaha. Halafu akasema neno ambalo sitamsamehe: "Na mtu akilipa kitu ambacho ni haki yake, huyo amekubali kwamba haikuwa yake. Anayelipa amekubali kunyang'anywa!"

Walimbeba mabegani hadi nje, yeye ambaye hakuwahi kubeba mtu. Siku nzima mjini lilikuwa neno moja, ibara ya maradhi, ibara ya maradhi. Vijana wakasema, "Mzee Karani ni noma." Na mama yangu, tulipofika nyumbani, akaniomba nimwombe Karani aisome tena. Karani akaja barazani amefurahi, akaisoma. Akaisoma tena. Jioni ile mama alikuwa ameishika yote, hakuacha hata kiunganishi.

Msimu wa majani marefu, wakati wa kufukia majani chini ya udongo kutengeneza matuta yetu ya mviringo, mama alijikata kwa jembe juu ya kisigino. Jeraha la kawaida. Alilifunga kwa majani na kipande cha kitenge, akaendelea kulima. Likaanza kutoa maji, kisha likaanza kunuka. Nilipokwenda kumwona, alikuwa ameshusha kitenge mpaka chini nisione, lakini pua haifichwi. Nikamwambia nitamlipia kadi, hela ipo. Akanikatalia kwa ukali ambao sikuuzoea. "Ukinilipia utakuwa umekubali kwa niaba yangu. Mimi sijakutuma."

Alikwenda zahanati ya kijijini kwa miguu yake, na jirani aliyemsindikiza ndiye aliyenisimulia. Walipofika dirishani, nesi akauliza, "Bibi, kadi?" Mama akaweka mikono pamoja, akanyoosha mgongo, akaisema ibara ya maradhi kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akasubiri, kama mtu anayesubiri mwalimu wa dini aseme vema, swali linalofuata.

Nesi hakucheka. Huyo simlaumu hata kidogo. Alitazama huku na huku, akasema kwa sauti ya chini, "Bibi yangu, hayo ni ya Dodoma, hapa ni dirishani. Lakini zunguka nyuma, mlango uko wazi, nitakusafisha na sindano nitakuchoma, mtu asikuone."

"Nyuma wanapita wezi," mama akasema. "Mimi nimekuja kwa ibara."

"Bibi, mguu unaharibika."

"Basi nitibu hapa."

Nyuma ya mama kulikuwa na foleni ya watu wenye kadi, na mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa amekaa pale kivulini. Nesi akashindwa. Mama akarudi nyumbani, akatoka siku nyingine, akaisema tena, akarudi. Mpiga ngumi ukuta huumiza mkonowe, na kwa mama kilichoumia kilikuwa mguu.

Tulipombeba kwenye machela kumleta mjini hakuwa tena na nguvu ya kukataa. Nililipa kila nilichoambiwa nilipe, na hakujua, alikuwa anaweweseka. Hospitalini waliukata mguu chini ya goti. Daktari aliniambia kwa upole kwamba wangemwona mapema wangeuosha tu. Kuuosha tu. Nililia kwenye korido, watu wakidhani nimefiwa.

Siku chache baada ya hapo mke wa Karani aliniomba nimsindikize na mjukuu wake mwenye homa. Mwanamke yule hakuwa na hila hata kidogo. Tulipofika dirishani akafungua pindo la kanga yake akatoa kadi ya mfuko, safi, jina la Karani juu yake, na majina ya kaya yote chini. "Tulichukua mapema," akaniambia, "kabla foleni haijawa ndefu."

Nilirudi barazani mbio. Karani alikuwa anamenya karanga.

"Umelipa," nikamwambia.

Hakuuliza nini. "Nimelipa."

"Ukawaambia watu wasilipe."

"Nilisema si halali. Sikusema msilipe. Nionyeshe—"

Sikumwacha amalize. Nilimwambia maneno ambayo mwanamke wa Kifipa hamwambii mzee, nikayasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Nikamwambia mama yangu amekatwa mguu kwa mdomo wake. Karanga zilibaki mkononi mwake. Hakukohoa. Alifungua mdomo, akaufunga, na mimi nikachukua ukimya ule kuwa ni hukumu. Jioni hiyohiyo nilihamisha cherehani.

Baadaye mwanasheria kijana, mteja wangu, alinieleza jambo lililoniwasha zaidi. Ibara ile imo kwenye sehemu ya Katiba inayoeleza malengo ya nchi, na mwanzoni mwa sehemu hiyohiyo imeandikwa kwamba mahakama yoyote haina uwezo wa kuilazimisha serikali kuyatekeleza. Nikamwuliza kama Karani anajua. Akacheka. "Dada, pale mahakamani hata mfagiaji anajua." Kwa hiyo alijua. Alisimama mbele ya akina mama wale, akasoma ukurasa mmoja, akaruka mwingine.

Mama aliishi na mkongojo wake miaka mingi baada ya hapo, akilima kwa kukaa. Alikataa nimseme Karani mbele yake. Nilidhani ni aibu ya mtu aliyedanganywa, nikamhurumia kwa ajili hiyo. Alipokufa, Karani alikuja msibani, akakaa mbali, na mimi nikahakikisha hafikiwi na chakula kutoka mkononi mwangu.

Nilimkuta mwaka jana kwenye mashine ya kusaga. Amebaki koti na mifupa. Mkewe ametangulia, na yeye alikuwa amekaa kwenye gogo akilinda debe lake la mahindi, kijana wa mashine akimsemesha kwa kupaza sauti kwa kuwa masikio yamekwisha. Nilitaka kupita. Akaniona.

"Fundi," akasema. "Kaa."

"Nina haraka, mzee."

"Mama yako alinikataza kusema. Sasa hayupo, na mimi naondoka. Kaa."

Nikasimama, sikukaa.

Akasema kwamba kabla mama hajaenda zahanati mara ya kwanza, alikuja barazani siku ambayo mimi nilikuwa nimekwenda kununua nyuzi. Akapiga magoti, akasalimia, akamwuliza, "Karani, wewe umelipa?"

"Na ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ndiyo. Yeye hakuwa mtu wa kudanganywa. Nikamwonyesha na ule ukurasa mwingine, nikamweleza kwamba hakuna mahakama itakayomsaidia. Nikamwambia, mama, mimi ni mtu wa maneno, nenda kalipe, mguu huo ni mbaya. Nilimsihi. Mimi!"

Mashine ilikuwa inaunguruma. Ilinibidi niiname nisikie.

"Akasema hata amri za Mungu hazina askari, na bado ni amri. Akanitazama pale kitini nilipokaa, akasema, 'Maneno yako ni mazuri kuliko wewe, Karani. Yaache, nitayabeba mimi.' Akanikataza nisikwambie, alisema ungemlipia kwa nguvu. Siku uliyonitukana nilitaka kusema. Nilikuwa nimemwahidi."

Nilimtafutia usoni ule ujanja wake wa siku zote, nikaukosa kabisa. Na yale hayakuwa maneno yake. Angetunga mapana zaidi, yenye mikogo. Yale yalikuwa ya mama yangu, mafupi, yenye makali, niliyokua nikiyasikia jikoni, na nilikuwa sijayasikia tangu tumzike.

Nilimchukia siku ile kuliko siku zote. Miaka yote nilimlilia mama kama mjinga aliyepotoshwa, na mtu aliyejua kwamba mama hakuwa mjinga alikuwa huyu, amekaa na jambo lile kifuani pamoja na karanga zake. Alikuwa ametunza kitu cha mama ambacho mimi mwanawe sikuwa nacho.

"Alisema kwa Kiswahili?" nikamwuliza.

"Hapana. Kwa Kifipa."

Nikakaa kwenye gogo karibu naye, nikamsogelea sikioni.

"Basi yaseme kwa Kifipa," nikamwambia. "Polepole, kama alivyoyasema."

Akayasema.